Maji ya Mto Katuma: Somo juu ya Maradhi, Chakula, Majira na Tofauti ya Hali za Watu

Jua, ewe msomaji, ya kwamba mambo manne huwashughulisha mno wanavyuoni wa zama hizi katika kila pembe ya dunia, nayo ni maradhi ya watu, chakula chao, kugeuka kwa majira, na umbali uliopo baina ya mwenye nacho na asiye nacho. Zamani kila jambo katika hayo lilikuwa na wenyewe. Tabibu alitazama homa, bwana shamba alitazama mpunga, mpima mvua alitazama mawingu, na habari za umasikini waliachiwa watu wa hesabu za serikali. Kila mmoja alikuwa na daftari lake, wala hakufunua la mwenziwe. Sasa imedhihiri ya kwamba madaftari hayo yote yameandika habari moja, na anayesoma moja peke yake hupata robo ya habari, na robo hiyo aghalabu humpoteza.

Anayetaka kuyaona haya kwa macho hana haja ya kwenda mbali. Na aitazame nchi ya Katavi, magharibi ya Tanzania, na ndani ya nchi hiyo autazame mto mmoja tu, Mto Katuma.

NCHI NA MTO WAKE

Mkoa wa Katavi ulitengwa na mkoa wa Rukwa mwaka 2012, na mji wake mkuu ni Mpanda. Hesabu ya watu ya mwaka 2012 ilipata watu 564,604. Hesabu ya mwaka 2022 ikapata watu 1,152,958. Maana yake ni kwamba katika miaka 10 watu wa nchi hiyo wamezidi maradufu, na sababu ya hayo si uzazi peke yake, bali ni wageni waliohamia kutafuta ardhi ya kulima, malisho ya ng'ombe, na dhahabu. Msomaji na aishike hesabu hii moyoni, kwani itarudi.

Mto Katuma huanzia katika milima iliyo magharibi ya Mpanda, nchi ya miombo na chemchemi. Hushuka katika uwanda wa Mpanda, hupita Sitalike penye mlango wa Hifadhi ya Taifa ya Katavi, kisha huingia ndani ya hifadhi na kutandaa katika nyanda mbili pana ziitwazo Ziwa Katavi na Ziwa Chada. Huitwa maziwa, lakini kwa hakika ni mbuga za nyasi zinazofunikwa na maji wakati wa masika na kukauka kiangazi. Maji yakitoka huko hushika njia ya Mto Kavuu, hupita nchi ya Wapimbwe, na mwisho wake ni Ziwa Rukwa, ziwa lisilo na mlango wa kutokea. Mvua ya nchi hiyo ni ya msimu mmoja, tangu Novemba mpaka Aprili. Baada ya hapo miezi sita hivi hupita bila mvua, na katika miezi hiyo kila kiumbe, mtu na mnyama, hutegemea maji yaliyosalia mtoni.

Hifadhi ilitangazwa mwaka 1974, ikapanuliwa baadaye hata ikafika kilomita za mraba 4,471. Watu husafiri kutoka mbali kuja kutazama viboko wa Katavi, ambao kiangazi hujazana kwa mamia katika dimbwi moja la matope, mgongo juu ya mgongo. Mgeni hupiga picha akastaajabu. Laiti angaliuliza kwa nini wamejazana hivyo, angaliambiwa ya kwamba hawana pengine pa kwenda.

Mwaka 2010 wachunguzi Manase Elisa, Julius Gara na Eric Wolanski walitoa maandishi juu ya upungufu wa maji katika hifadhi za Tanzania, na walioutazama zaidi ni Mto Katuma na Ziwa Rukwa. Walieleza ya kwamba mto huu umekuwa ukikauka wakati wa kiangazi, na miongoni mwa sababu kubwa walizozitaja ni maji kuchepushwa kwa mifereji ya mashamba ya mpunga huko juu, na miti kukatwa katika nchi ya vyanzo.

JE, SI MVUA?

Hapa mtu mwenye akili atauliza: mbona lawama hii haitupwi kwa mvua? Na swali lake ni la haki. Ziwa Rukwa lilijulikana kwa kupanda na kushuka kabla ya mifereji hiyo kuwapo. Mwaka 1929 urefu wake ulikuwa kiasi cha kilomita 48 tu. Mwaka 1939, miaka 10 baadaye, ulikuwa kiasi cha kilomita 128. Mtu aliyeliona ziwa katika mwaka wa kwanza na mtu aliyeliona katika mwaka wa pili wangaliweza kubishana mpaka kesho, na wote wawili ni wakweli. Basi nchi hii kwa tabia yake ni nchi ya maji yanayokuja na kwenda, na anayesema ya kwamba kila kiangazi kikali ni kazi ya binadamu amesema bila ya kupima.

Lakini kipimo kipo, wala si kigumu. Siku moja ya kiangazi mtu huutazama mto juu ya mifereji, kisha huutazama chini ya mifereji. Ikiwa juu maji yanapita na chini ni mchanga, mvua haina kesi ya kujibu, kwa kuwa mvua iliyoleta maji ya juu ndiyo hiyo hiyo iliyokuwa ilete ya chini. Ama ikiwa juu nako kumekauka, hapo ndipo pa kuitazama mvua, na misitu, na joto.

Na joto limezidi. Hilo halina ubishi tena. Dunia imepata joto kwa sababu ya moshi wa makaa ya mawe na mafuta yaliyochomwa kwa zaidi ya miaka 150, na nchi yenye joto zaidi hukausha maji yake upesi zaidi, hata kama mvua haikupungua. Afrika yote, yenye zaidi ya moja ya sita ya watu wa dunia, hutoa chini ya sehemu 4 katika 100 za hewa hiyo ya ukaa itokayo kwenye makaa na mafuta. Mkulima wa Mpimbwe hana kiwanda, wala gari, wala taa ya umeme pengine, naye ndiye anayeipokea hasara. Hii ndiyo tofauti ya kwanza ya hali za watu katika habari hii. Iliyo karibu naye zaidi ni ile iliyo baina ya jirani wa juu ya mto na jirani wa chini.

MPUNGA NA HOMA

Mtu asidhani ya kwamba mwenye shamba la mpunga ni mkosa. Mpunga ni chakula, tena ni fedha. Katika nyanda za karibu na Mpanda, kama Mwamkulu, majaruba ya mpunga yamewapa watu nyumba za bati, ada za skuli, na dawa za watoto. Mtu aliyehamia na jembe moja akapata magunia ya kuuza hawezi kuambiwa aache kwa ajili ya viboko. Naye akiambiwa hivyo hatasikia, na atakuwa na haki ya kutosikia.

Ila maji yaliyosimama jarubani huzaa mbu, na mbu wa anofelesi huchukua homa ya malaria. Kwa hiyo watu wengi walidhani ya kwamba kila penye mpunga lazima pawe na homa zaidi. Jambo hili lilichunguzwa katika nchi ya Moshi, kaskazini ya Tanzania, na Jasper Ijumba pamoja na wenziwe, na khabari waliyoitoa mwaka 2002 iliwashangaza wengi. Kijiji cha mpunga kilikuwa na mbu wengi zaidi kuliko kijiji cha nchi kavu, na pamoja na hayo hatari ya kuambukizwa malaria ilikuwa ndogo zaidi huko kwenye mpunga. Sababu moja ni kwamba watu wa mpunga walikuwa na mapato bora, na vyandarua vilikuwa vingi kwao. Nyingine ni kwamba mbu wengi walikwenda kunyonya damu ya ng'ombe.

Msomaji na asimame hapa kidogo. Mbu mmoja, homa moja, nchi moja, na linaloamua ni nani ataugua ni mfuko wa mtu. Aliyelima mpunga akauza, hununua chandarua. Lakini kibarua wake anayelala katika kibanda cha shamba ili kufukuza ndege, yeye ana mbu wale wale wala hana chandarua. Anayehesabu mbu peke yao hatamwona kibarua huyu, na anayehesabu magunia peke yake hatamwona pia.

NJAA YA KABLA YA MAVUNO

Chini ya hifadhi, katika bonde la Rukwa, wanakaa Wapimbwe, ambao ni wenyeji wa nchi, na pamoja nao Wasukuma, waliohamia kutoka kaskazini na ng'ombe wao, hasa tangu miaka ya 1970. Monique Borgerhoff Mulder wa Chuo Kikuu cha California huko Davis alifanya uchunguzi kwa Wapimbwe kwa miaka mingi, na Craig Hadley naye alitazama habari ya chakula katika bonde hilo. Mwaka 2006 Hadley na Crystal Patil walitoa khabari za akina mama zaidi ya 400 wa makabila manne ya Tanzania, Wapimbwe na Wasukuma wakiwamo. Walionyesha ya kwamba mama asiye na hakika ya chakula cha nyumba yake ndiye aliyezidi kuwa na wasiwasi na huzuni ya moyo. Watu wa zamani waliyajua haya bila ya kuandika. Lakini lililoandikwa na kuhesabiwa lina nguvu mbele ya serikali, na ndiyo faida ya kuhesabu.

Njaa hiyo ina majira yake. Huja mnamo Januari na Februari, ghala zikiwa tupu na mahindi yakiwa bado machanga shambani. Miezi hiyo ndiyo miezi ya palizi, kazi ikiwa nyingi kuliko wakati wowote, na ndiyo miezi ya mbu na homa. Basi mtu hulazimika kulima kwa nguvu zote katika wakati ambao tumbo li tupu na mwili una homa. Asiyeweza kulima shamba lake huenda kulima la mwingine apate chakula cha siku ile, na shamba lake likabaki na magugu, na mwaka wa pili njaa ikamkuta pale pale. Hivi ndivyo umasikini unavyojizaa wenyewe.

Wachunguzi waliona ya kwamba Wapimbwe walipatwa na upungufu huo kuliko Wasukuma. Kwa nini, nao wamo katika bonde moja na chini ya mvua moja? Ng'ombe ni jibu lililo karibu. Mwenye ng'ombe ana ghala inayotembea. Mahindi yakipungua huuza ndama mmoja akanunua gunia. Tena mwenye ng'ombe hulima kwa plau, akapata shamba pana. Mpimbwe alikuwa na ghala ya namna nyingine, nayo ni pori: asali ya mizingani, samaki wa mtoni, nyama ya mawindo, uyoga wa masika. Ghala hiyo ilifungwa kidogo kidogo, sehemu kwa mipaka ya hifadhi, sehemu kwa kukauka kwa mto, na sehemu kwa watu kuwa wengi.

Uchunguzi wa hali za watu na afya uliofanywa Tanzania mwaka 2015 na 2016 ulipata ya kwamba katika Katavi wasichana 45 katika kila 100 wenye umri wa miaka 15 mpaka 19 walikuwa wamekwisha kuzaa au wana mimba, na kwa nchi nzima walikuwa 27. Mtu ataona habari hii iko mbali na mto. Lakini nyumba iliyopungukiwa na chakula huona binti anayeolewa ni mdomo mmoja uliopungua sahanini, na mama aliye bado mtoto, tena mwenye njaa, huzaa mtoto mdogo wa uzito. Hapo daftari la tabibu limekutana na daftari la bwana shamba.

HABARI YA MALALE

Kosa la kutibu jambo moja kwa kusahau yaliyoungana nalo si kosa la leo. Katika miaka ya 1890 sotoka iliua ng'ombe na wanyama wa pori wengi katika Afrika ya Mashariki. Ng'ombe walipokufa, njaa ikaingia. Watu walipopungua, mashamba yakarudi vichaka. Na vichaka vilipoenea, wanyama wa pori wakarudi, na mbung'o wakarudi pamoja nao. Mbung'o ndiye achukuaye malale. Maradhi haya yalipozuka katika Tanganyika katika miaka ya 1920, serikali ya Kiingereza ilikuwa na tabibu wake wa malale, jina lake George Maclean, na dawa iliyochaguliwa ilikuwa kuwakusanya watu waliotawanyika porini na kuwaweka pamoja katika makazi makubwa, ili kulima kwao kufyeke vichaka na kumfukuza mbung'o.

Haki isemwe: ndani ya makazi hayo malale ilipungua, na maisha ya watu wengi yaliokoka. Lakini nchi walikohamishwa ilibaki tupu, na nchi tupu ni milki ya mbung'o. Pori likakua, na sehemu kubwa ya nchi hizo za magharibi ikaja kuwa mapori ya kuhifadhi wanyama. Mtu aliyekwisha kuacha mizinga yake na makaburi ya wazee wake huko nyuma akawa mgeni penye asili yake. John Ford, aliyefanya kazi ya mbung'o kwa miaka mingi, aliandika kitabu mwaka 1971, na Helge Kjekshus akafuatia mwaka 1977, na wote wawili walionyesha ya kwamba watu wa zamani walikuwa na njia zao za kuishi na mbung'o, kwa kilimo na moto na malisho, na njia hizo ndizo zilizovunjika kwanza.

NZIGE WEKUNDU

Iko habari nyingine inayofungamanisha Katavi na dunia, nayo hutajwa kwa uchache kuliko inavyostahili. Nyanda za Ikuu-Katavi na nyanda za Rukwa ni katika mahali pachache mno Afrika ambapo nzige wekundu huzaliana daima. Mbuga inayofunikwa na maji kisha ikakauka, yenye nyasi ndefu na udongo mtupu kati yake, ndiyo nyumba yao. Hutaga mayai mvua zinapoanza, tunutu hukua katika nyasi mbichi, na nzige wakubwa hungoja kiangazi kizima. Miaka mingi hukaa kwa utulivu. Mwaka wakizidi kiasi, hubadili tabia, hukusanyika, na huruka.

Tangu 1930 mpaka 1944 makundi yao yalienea karibu Afrika yote iliyo kusini ya ikweta, na yakala mashamba ya watu ambao hawajapata kusikia jina la Rukwa. Ndiyo sababu mwaka 1949 serikali mbalimbali zilipatana kuunda idara moja ya kuwazuia, makao yake yakiwa Abercorn, mji unaoitwa Mbala hivi leo, katika Zambia. Mwaka 2009 nzige walizidi tena katika nyanda za Ikuu-Katavi, Rukwa na bonde la Malagarasi, na ilikhofiwa ya kwamba chakula cha watu kiasi cha milioni 15 kimo hatarini. Safari hii Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilisaidia kunyunyiza karibu hekta 10,000 kwa kuvu iitwayo Metarhizium, inayoua nzige wala haidhuru samaki, ndege, wala kiboko. Sumu ya zamani ingalimwagwa katika maji yale yale yanayonywewa chini. Kazi ilifanikiwa, na kwa kuwa ilifanikiwa, ilisahauliwa. Hii ni bahati ya kila kazi ya kinga.

MAJI YA JUU NA MAJI YA CHINI

Basi Mto Katuma ugawanywe vipi? Swali hili si geni katika vitabu. Wanavyuoni wa fikihi wameliandikia mlango, na asili yake ni hukumu ya mabonde ya Mahzur na Mudhaynib huko Madina: mwenye shamba la juu huzuia maji mpaka yafike vifundo vya miguu, kisha huyaachia yaende kwa aliye chini yake. Uzuri wa kipimo hiki ni kwamba kila mtu anacho, wala hakihitaji karani. Tena wanavyuoni walitanguliza haki ya kiu, ya mtu na ya mnyama, mbele ya haki ya kumwagilia shamba.

Sheria ya Tanzania ya mwaka 2009 juu ya rasilimali za maji imekwenda njia iliyo karibu na hiyo. Imetanguliza maji ya matumizi ya nyumbani, kisha maji yanayoachwa mtoni kwa ajili ya uhai wa mto wenyewe, na wengine wote huomba kibali kwa bodi ya bonde. Mto Katuma umo katika Bonde la Ziwa Rukwa. Sheria ni nzuri. Uzito umo katika kuitenda. Mwenye shamba kubwa hujua pa kupeleka barua, na mwenye robo eka hajui. Zikitumwa amri za kuvunja mifereji bila ya kupambanua, mtu mdogo ndiye huvunjiwa kwanza, kwa kuwa mfereji wake ni wa udongo.

Na huko kwenye vyanzo jambo jipya limeanza. Katika wilaya ya Tanganyika, vijiji 8 vya nchi ya milima ya Ntakata, miongoni mwavyo Katuma na Mwese, vimeweka misitu yao chini ya ulinzi, na makampuni ya nchi za mbali hununua hesabu ya hewa ya ukaa iliyozuiliwa kwa miti kutokukatwa. Vijiji vimepokea fedha, vikajenga zahanati na vyumba vya madarasa, na vikawalipia watu bima ya matibabu. Kwa hiyo mti uliosimama mlimani umekuwa dawa ya mtoto, na kwa kuwa mti huo huo hushika maji ya mvua na kuyaachia polepole kiangazi, umekuwa pia maji ya jaruba la Mwamkulu na dimbwi la viboko. Ila mgao wa fedha hizo huishia katika vijiji vyenye misitu. Wapimbwe walio mwisho wa mto, ambao njaa yao ya Februari imeandikwa na wachunguzi kwa miaka 20, hawamo katika vijiji 8 hivyo. Wao hungoja maji.